Sauti ya Tatu Dukani kwa Tonton Sefu

Tangu nirudi, mama za kwaya hamniachi hata nishuke ngazi za kanisa. "Mama Chantal, ulienda Ubundu kutafuta samaki, umerudi mikono mitupu?" Kweli, samaki sikuleta. Na kwa sababu kila mmoja wenu amepata kipande chake cha habari, na vipande havifanani, nimeona niandike yote mara moja. Mpitishiane, halafu mniache niimbe.

Kutoka nyumbani, Simi-Simi

Samaki ilikuwa sababu niliyompa mume wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kununua sahani ya muziki, ile tunayoita disque, na sikutaka ajue.

Mnaonizidi umri mnalikumbuka duka la Tonton Sefu pale mjini Kisangani, nyuma ya soko kuu. Mlango mmoja, kaunta ndefu ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, na ukutani sahani zimepangwa hadi darini. Mwenyewe alikuwa wa zile familia za Waislamu waliofika na misafara ya biashara enzi za mababu. Kofia nyeupe, kalamu sikioni. Alikuwa na sheria moja: hakuna kununua bila kusikiliza, upande wa kwanza na wa pili. Ukimwambia una haraka, anakujibu, "Minauzisha muziki, siuzishe karatasi." Anaitoa sahani kwa ncha za vidole, anaipuliza, anashusha sindano, na duka lote linanyamaza. Unasikiliza umeegemea kaunta, pembeni yako mtu usiyemjua naye anatikisa kichwa, mkitazamana mnacheka. Leo wajukuu zangu wana nyimbo nyingi kuliko wanavyoweza kuzisikiliza, ziko ndani ya simu, na siwalaumu, mimi pia natumiwa zangu. Lakini simu haijanikutanisha na mtu. Duka lilinikutanisha na mume wangu.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeingia Jumamosi kununua kitu cha kucheza kwenye ndoa ya dada yangu. Tonton Sefu alikuwa anachezesha "Zabibu wa Mangobo", wimbo wa orkestra ya vijana wa hapa hapa Kisangani waliokwenda Kinshasa kurekodi. Kijana mwembamba mwenye shati iliyopigwa pasi vizuri akanisogelea. "Mademoiselle, sikiliza ile sauti ya tatu, ya juu kabisa," akasema. "Njo mimi ninaimba pale." Jina lake Léonard, ndiye Papa Chantal wa leo. Jumamosi hata Tonton Sefu hakuweza kulinyamazisha duka, mimi nilikuwa natazama kola ya shati yake, na niliamini. Siku ile pesa zangu zilitosha sahani moja tu, nikachukua nyingine. Niliporudi wiki iliyofuata, "Zabibu" zilikuwa zimekwisha.

Basi miaka zaidi ya arobaini Papa Chantal amewaambia watoto wake kuhusu ile sauti ya tatu. Watoto wameutafuta wimbo huo kwenye mtandao, hawakuupata. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Lakini mwaka huu, tulipokutana kusherehekea kustaafu kwake, mtoto wetu Patrick alisema mbele ya wakwe, "Sauti ya papa iko kama malaika. Tunaamini tu, hatujaisikia." Watu walicheka sana. Mume wangu naye alicheka, kisha akainuka akaenda kutazama kuku. Alikaa na kuku hao mpaka wageni wakaondoka.

Ndipo muuza samaki mmoja sokoni akaniambia kwamba Tonton Sefu yuko hai. Vita vilipofika mjini na duka lake likaporwa, alipakia sahani zilizobaki kwenye behewa akahamia Ubundu, kwao mke wake, na mpaka leo anafungua duka kila asubuhi. Sikungoja niambiwe mara mbili.

Ng'ambo

Nilivuka mto asubuhi kwa mtumbwi wa mashine, nikiwa nimekalia gunia la chumvi la mtu mwingine. Ng'ambo, Lubunga, nilipatana na mwendesha moto, yaani pikipiki, aitwaye Trésor, baba wa watoto wawili, mwenye koti la mvua lililobandikwa gundi mabegani. Treni ya Ubundu ingeondoka, lakini hakuna aliyejua lini. Tulifunga mfuko wangu kwa kamba ya mpira, tukaondoka.

Baada ya muda akauliza bila kugeuka, "Mama, kule Ubundu tunaenda kutafuta nini?"

"Disque."

Akapunguza mwendo. "Ya mbele ao ya nyuma?"

"Pande zote mbili," nikamjibu. "Lazima nisikilize zote mbili mbele ya kununua."

"Donc, unasikiliza kama inapiga makelele?"

"Kama inapiga makelele mingi siinunue."

"Njo vile," akasema, ameridhika. "Na ni ya zamani?"

"Miaka makumi ine na kitu."

Hapo alisimamisha moto kabisa, akavua miwani, akanigeukia kwa huruma. "Mama. Samahani. Mutu amekudanganya. Disque ya frein ya miaka makumi ine, hata bure usibebe. Hapa Kisangani iko mupya!"

Kumbe alifikiri natafuta breki ya pikipiki! Nilicheka mpaka nikashika mti. Nilipomweleza kwamba ni disque ya muziki, aliuliza kama muziki huo hauwezi kuletwa kwa simu. Nilisema hauwezi. Akasema basi twende.

Barabara ya Reli

Njia ya Ubundu inafuata reli, na mahali pengine inakuwa reli yenyewe, kijia cha upana wa mguu kando ya vyuma. Kuna madaraja ya magogo ambayo nilivuka kwa miguu, nikimwacha Trésor avushe moto peke yake, kisha macho nimeyafumba nisimwone. Mchana mnyororo ukakatika. Trésor akauokota matopeni kama mtu anayeokota nyoka, akaanza kuupiga jiwe, na mimi nikatumwa kwenye nyumba ya karibu kuomba msumari.

Mwenye nyumba, Mama Antoinette, alinipa msumari, halafu akasema siwezi kuondoka na msumari tu. Akatuletea lituma, ndizi za makemba zilizopondwa, bado yenye mvuke, na samaki wa kukaushwa aliyepikwa na mawese. Trésor alikula mkono mmoja, mwingine umejaa grisi. Nilipotaka maji, mama akaelekea kwenye mtungi, na mfuniko wa mtungi huo ulikuwa sahani ya muziki. Karatasi ya katikati ilikuwa imefutika, lakini mistari bado iling'aa.

"Hii ulipata wapi?" nikauliza.

"Bwana yangu aliinunua kwa Tonton Sefu, kule Kisangani, wakati alikuja kunioa." Aliipangusa kwa kitenge chake. "Mashine ilikufa. Yeye pia alikufa. Alors, nayo itafanya nini? Inafunika maji."

Nikamwambia kwamba Tonton Sefu yuko Ubundu, ana mashine. Akanitazama. Umbali uliobaki si mkubwa, lakini alikuwa hajui. Alipomwaga maji kwenye kikombe changu, sahani hakuirudisha juu ya mtungi. Aliiegemeza ukutani, akafunika mtungi kwa jani la mgomba.

Tulifika Ubundu jioni, mvua imetulowesha hata ndani ya viatu.

Ubundu, mvua

Duka liko karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa, chini ya mabati, na halina jina. Nusu moja ni chumvi, sabuni na ndoana. Nusu nyingine ni sahani na kaseti, zimefunikwa nailoni ili unyevu usizile. Na kaunta. Ni fupi kuliko ile ya zamani, imepigwa na fundi mwingine, lakini niliweka kiwiko changu bila kufikiri.

Tonton Sefu amekuwa mdogo. Kofia ile ile, kalamu ile ile, au tuseme ndugu zake. Hakunijua, na nilifurahi, nikawa mteja tu.

"Tonton, minatafuta 'Zabibu wa Mangobo'."

 Akaingiza mkono chini ya kaunta bila kutazama, akatoa sahani ndogo ndani ya karatasi ya kaki. "Iko moja. Hii ilikuwa ya kusikilizisha wateja. Zingine zote ziliuzwa."

"Minaichukua!"

"Haujasikiliza."

Nikamweleza kwamba nimetoka mbali, kwamba Trésor anataka kurudi kesho. Mzee akanyosha kidole kuelekea dirishani. Mashine yake inatumia umeme wa jua, na jua lilikuwa halijaonekana siku tatu. "Jua ikitoka, utasikiliza. Ukipenda, utanunua."

"Na isipotoka?"

"Mama, hii ni Ubundu. Iko mvua, kisha iko jua. Kaa."

Nilimkasirikia, siwafichi. Mke wake, Mama Asha, alinipa kitanda na kitenge kikavu, na nikalala nikimlaumu mumewe. Asubuhi mvua bado. Trésor akasema, bon, atangoja, kwa sababu sasa yeye pia anataka kuisikia hiyo disque iliyomletea mateso.

Basi nilikaa dukani siku mbili. Na taratibu hasira ikaniisha. Mvuvi mmoja aliingia, akanunua ndoana, halafu akasimama robo saa akisoma karatasi za sahani, kama mtu anayesoma majina ya jamaa zake. Mwalimu mmoja wa kike aliuliza kama jua likitoka atachezewa wimbo wake. "Utanunua lini?" mzee akauliza. "Nikinunua sitakuja tena," akajibu, nao wakacheka, inaonekana ni jibu la kila wiki. Watu waliokuja kwa sabuni walibaki kwa mvua, waliobaki kwa mvua wakaanza kubishana nani alipiga gitaa katika wimbo gani, na Tonton Sefu akiwakata kwa neno moja kama hakimu. Tulikula sombe ya Mama Asha, ya majani ya muhogo, na viwavi wa mbinzo wa kukaangwa, wote tumeegemea kaunta. Nilikuwa nimesahau kwamba duka la muziki huwa na sauti yake hata mashine ikiwa imezimwa.

Jua

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mabati yakaanza kutoa mvuke. Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika, mvuvi wa pili. Trésor alivua kofia yake ya moto. Tonton Sefu akaitoa "Zabibu" kwa ncha za vidole, akaipuliza, akashusha sindano.

Gitaa liliingia kama nilivyolikumbuka. Kisha sauti ya kwanza, nzito. Kisha ya pili juu yake. Nikangoja. Niliinamia spika ya mashine, nikangoja sauti ya tatu, ya juu kabisa. Walifika kwenye kiitikio, sauti mbili zikaimba mstari, zikanyamaza, na gitaa likapita peke yake. Mstari mwingine, na gitaa peke yake. Nimeimba karibu na mume wangu kanisani miaka yote hii. Naijua sauti yake hata akikohoa. Haikuwemo.

"Tonton, geuza upande wa pili," nikasema. Akageuza. Haikuwemo huko pia, huko hakuna hata kuimba.

"Haikupendeze?" akauliza.

"Minatafuta ile sauti ya tatu. Ya Léonard."

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyomtazama mtu, si mteja. "Léonard wa shati ya pasi? Lakini mama, Léonard hakufikaka Kinshasa. Bateau, meli ya Kinshasa, ilimuacha. Bale banamuziki waliacha nafasi yake kwa wimbo, walifikiri atakuja nyuma. Hakukuya." Akafuta sahani kwa kitambaa. "Wimbo ulipotoka, alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi kuisikiliza. Anasimama pale, mwisho wa kaunta, mudomo unatembea, sauti haitoke. Siku moja akanunua zote zilizobaki. Nilimuuliza, utafanya na disque kumi na moja kitu gani? Akaniambia, Tonton, kuko musichana minataka kumuoa."

Duka zima lilikuwa linanisikilizia. Mwalimu akanishika bega. Nikasema, "Musichana ni mimi."

Tonton Sefu akaweka mikono yote miwili juu ya kofia yake. "Ah, mama. Samahani. Sikujua ni wewe!"

Sikulia. Nilitaka kukasirika, na hasira haikuja. Nilimwona tu yule kijana amebeba sahani kumi na moja kwapani kwa sababu yangu, akienda kuzificha sijui wapi. Halafu nikamwona alivyo sasa, mzee, na kuku wake, na wakwe wanacheka. Nikiipeleka sahani hii nyumbani, Patrick ataisikia. Nisipoipeleka, mume wangu ataendelea kuchekwa kwa jambo ambalo sasa najua halikuwa kweli.

"Utaichukua?" mzee akauliza kwa upole. "Miaka yote sijaiuzisha. Lakini wewe minakuuzishia."

Aliifunga kwa gazeti, pembe nne zimekunjwa sawasawa, kama zamani.

Kurudi

Ya njiani sina mengi. Tulisimama kwa Mama Antoinette. Tulimkuta amesuka nywele, amevaa kitenge kipya, sahani yake ameifunga ndani ya taulo, anatafuta mtu wa kumpeleka Ubundu. Trésor akamwahidi kwamba atarudi kumchukua, na baadaye nilisikia kwamba alirudi kweli.

Katikati ya mto, kwenye mtumbwi, niliitoa sahani mfukoni nikaiweka magotini. Maji yalikuwa karibu kabisa. Ningesema duka lilikwishafungwa, Tonton Sefu alikwisha kufa, na hakuna ambaye angejua. Nilishika pembe ya gazeti mpaka tukagusa ukingo. Mama aliyeketi mbele yangu akaniuliza kama nimebeba yai.

Nyumbani

Mume wangu alikuwa anamwagia mchicha maji. Akatazama mikono yangu. "Samaki iko wapi?"

"Sikuenda kwa samaki. Nilienda kwa Tonton Sefu." Nikaweka kile kifurushi juu ya meza ya uwanjani.

Akaweka chini ndoo. Alikijua hata kabla hajakifungua, kwa jinsi kilivyofungwa. "Iko hai?"

"Iko hai."

"Alikusikilizisha?"

"Anasikilizishaga kila mutu."

Akaketi. Nami nikaketi, ndoo kati yetu. Akasema, "Nilikuwa kwa fundi wa nguo. Tulishonesha mashati ya sare kwa ajili ya Kinshasa. Yangu ilibaki mukono moja. Nilimwambia fundi, harakisha, sitaki kwenda na shati ya kawaida, wenzangu wote wako na sare. Nikangojea ule mukono. Nilipofika port, bateau ilikuwa katikati ya maji. Benyewe walinipungia, walifikiri minakuja kuwaaga." Akajaribu kucheka. "Ningekuwa mugonjwa, ningesema. Lakini kwa mukono ya shati? Nilikuambia uwongo moja mbele ya kaunta, nikafikiri nitaurekebisha Jumamosi ingine."

Nikamwambia sitamwambia mtu. Akajibu kwamba anajua.

Jumapili asubuhi hakuja misa, mliuliza, nikasema ana homa. Hakuwa na homa. Niliporudi nilimkuta anashuka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, amepakata mashine ya kuchezesha sahani, aliyoiazima kwa fundi wa redio. Alikuwa amewaita watoto wote. Patrick alifika na mke wake, na binti yetu Chantal alifika na wanawe. Mume wangu alivaa shati nyeupe. Akasimama mbele yao kama mtu anayetoa ushuhuda, akawaambia habari ya bateau, ya fundi, ya mkono wa shati, ya sahani kumi na moja, ambazo, mniamini, aliwagawia abiria wa treni. Sauti ilimtetemeka mara moja tu, alipofika kwangu. Hakuna aliyecheka. Patrick alikuwa anatazama viatu vyake.

"Patrick, ulisema kweli," akamalizia. "Haukuisikia kwa sababu haiko."

Kisha akashusha sindano.

Gitaa likaingia. Sauti ya kwanza, sauti ya pili. Ukafika ule mstari wa kiitikio, sauti mbili zikanyamaza, na gitaa likaanza kupita peke yake, na mume wangu akafungua mdomo, akaimba. Juu kabisa. Sauti ya mzee, imekwaruzika pembeni, lakini ilikaa mahali pake bila kusukumwa. Alijua kila neno, kila pumzi. Wale vijana wawili wa kwenye sahani, ambao mmoja wao tulimzika zamani, waliimba mstari wao wakamwachia, naye akauchukua, akawarudishia, mpaka mwisho.

Nimemuuliza kama niwaandikie haya. Alisema niandike, ila niongeze kwamba mstari wa tatu aliingia akiwa amechelewa kidogo. Nimeongeza.

Wimbo ulipokwisha, sindano ikabaki inakwaruza. Patrick alikuwa amejifuta uso kwa mkono. "Papa," akasema, "rudia."

Mume wangu akainua sindano, akairudisha mwanzo, akakohoa kidogo, akasimama wima kungojea zamu yake.